Diski za Nyuma za Gari la Mama

Korpivaara,
Novemba, theluji ya kwanza

Mdogo wangu Jouni,

Salamu nyingi zikufikie hapo Turku, wewe pamoja na Saimi na Aarni. Natumaini nyote mu wazima, kwamba kikohozi cha Aarni kimekwisha na Saimi ameizoea shule mpya. Mimi ni mzima wa mwili. Baba si mzima, na hilo unalijua, kwa sababu nimekuachia ujumbe kwenye simu usiyotaka kuipokea. Yuko wodini Kajaani, mapafu yake yamechoka, na daktari ameniambia bila kuzunguka kwamba nyumbani hatarudi. Kwa hiyo nisamehe salamu zikiwa fupi kuliko adabu inavyotaka. Najua unazingoja ziishe ili uone nimekuja na kisu gani.

Nimekuja na maneno yako mwenyewe. "Mtu aliyemwacha mke wake mgonjwa aendeshe gari peke yake kwenye barafu, na yeye akabaki ndani karibu na jiko, hana haki ya kudai mtoto wake aende kumuaga." Hayo uliniandikia wiki iliyopita, nilipokuomba uje. Nimeyanakili herufi kwa herufi, kama ninavyowafanyia wote ninaobishana nao gazetini, ili kesho usiseme nimekupakazia. Nimekwisha kubishana na mawaziri, maaskofu na wenye viwanda vya karatasi, ila sijawahi kumwandikia hivi ndugu yangu wa tumbo moja. Leo naandika. Unasema Mama alikuwa peke yake: si kweli. Unasema Baba alibaki ndani: si kweli. Hayo mawili yakianguka, hiyo habari yako ya haki haina mahali pa kusimama.

Najua uongo huo hukuutunga wewe. Ulipewa. Aliyekupa ni Baba mwenyewe, na barua hii yote ni ya kukueleza kwa nini.

Kwanza nikutendee haki, maana hasira yako ina chanzo. Mama alikuwa ameanza kuzimia, daktari akamkataza kuendesha gari, na sisi wawili hatukuambiwa. Majira ya baridi ya mwaka juzi alikwenda Kuhmo kununua vitu vya nyumbani, akarudi, akaingia kwenye mteremko wa ua wetu, na hapo, karibu na ngazi, moyo wake ukasimama akiwa ameshika usukani. Baba alisema alikuwa ndani, akashangaa gari haliingii bandani, akatoka, akamkuta. Siku ya mazishi, kwenye ukumbi wa kanisa, watu wakiwa na vikombe vya kahawa mkononi na ile keki ya mkate na samaki haijakatwa, ulimwuliza mbele ya wote kama alijua kwamba Mama amekatazwa. Akasema ndiyo. Ukamwuliza kama alimwacha aendeshe hivyo hivyo. Akasema ndiyo. Ukaweka kikombe chini, ukawavalisha watoto makoti, ukaondoka, na ua huu hujaukanyaga tena.

Wewe ni mwalimu wa historia, Jouni. Unawafundisha watoto wa watu wasiamini chanzo kimoja. Kisha ukamhukumu baba yako kwa neno moja, "ndiyo", lililotoka kinywani mwa mtu aliyekuwa bado na mchanga wa kaburi viatuni.

Sasa habari za gari. Nilihamia hapa theluji ilipoyeyuka, macho ya Baba yalipokuwa yamebaki kuona pembeni tu, katikati kuna doa jeusi. Basi la kijijini limefutwa, nami nimeandika gazetini kuhusu jambo hilo mpaka mhariri akaniomba nipumzike kidogo. Teksi ya wazee huja ikijisikia. Mtu hawezi kuishi Korpivaara bila gari, na gari tulikuwa nalo: lile la Mama, limesimama palepale liliposimama naye, majani yameota kuzunguka tairi. Nikamwambia Baba nataka kulitengeneza nilipeleke kwenye ukaguzi. Akasema ni afadhali aje mtu wa vyuma chakavu alichukue. Nikamwambia gari lenye injini nzima haliuzwi kwa kilo. Akasema, "Fanya utakavyo, Virpi. Tangu lini ukasikia la mtu." Nikalichukua hilo kuwa ruhusa.

Jirani yetu Ensio, yule aliyekuwa akikunyoa nywele vibaya ulipokuwa mdogo, alikuja na betri yake tukaliwasha. Injini iliitika. Magurudumu ya mbele yakataka kwenda, ya nyuma yakakataa kabisa, kana kwamba yamepigiliwa misumari ardhini. Ensio akainama, akachungulia, akasema hilo si jambo la ajabu, ni diski za breki zimeshikana na habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa kutu, chumvi ya barabara kuu hiyo, yeye ameshaona mbaya zaidi. Akasema tuzitoe zote tuweke mpya, kazi ya nyumbani, hakuna haja ya kuwanufaisha mafundi wa mjini. Nilifurahi. Nilikuwa na hamu ya kupambana na kitu ambacho hakiandiki barua kwa mhariri.

Diski za mbele nilizitoa mwenyewe. Skrubu ndogo inayoshikilia diski iligoma, kichwa chake kikaliwa na bisibisi, nikaitoboa kwa keekee. Nikapuliza mafuta ya kulainisha kutu, nikangoja yapenye, nikagonga kwa kuzunguka, huku na huku, mpaka ikaachia. Ensio alipiga makofi, akasema gazeti limeninyima maisha mazuri.

Za nyuma zilikuwa jambo lingine. Tuliinua gari kwa jeki, tukaegemeza mwili wake juu ya magogo, tukatoa tairi, tukafungua kalipa zinazobana diski na kuzining'iniza kwa waya ili mipira ya mafuta isikatike. Diski zikabaki wazi, nyekundu kwa kutu. Tukapuliza mafuta. Tukagonga. Ensio alinisimamia akiwa na kikombe mkononi, akasema, "Wee mama mwandishi, unaigonga au unaibembeleza? Igonge kama vile ni waziri!" Nikaigonga kama waziri. Haikutikisika. Kesho yake tukaingiza boliti kwenye yale matundu mawili yenye uzi, yaliyowekwa makusudi ili ukizikaza ziisukume diski itoke. Boliti moja ikakatika. Ensio akaleta mtungi wa gesi, akaichoma mpaka ua mzima ukanuka rangi iliyoungua. Tukagonga tena, kipande cha ukingo kikamegeka na kuruka hadi kwenye vichaka vya beri, na diski yenyewe ikabaki hapo hapo ilipo. Ensio alikaa chini kwenye kokoto, akafuta jasho, akasema, "Virpi, hii si kutu. Hii ni ndoa."

Tulicheka sana. Nakuandikia hilo kwa sababu kicheko kile bado kinaniuma.

Siku hizo zote Baba alikuwa akikaa kwenye benchi la ukuta wa sauna, ametupa mgongo. Kila nyundo ilipopiga, mabega yake yalipanda. Nilidhani kelele zinamkera, nikampelekea vile vizibo vya masikio alivyokuwa akivivaa zamani msituni. Alivipokea, akaviweka gotini. Alasiri ya mwisho alisimama, akaja akipapasa ubavu wa gari kwa mkono mmoja, akafika kwenye gurudumu, akasema kwa sauti ya chini kabisa tuache kulipiga. Kisha akasema, "Shusheni breki ya mkono."

Ensio alicheka, nami nikacheka. Wewe pia ungecheka. Kwetu ni nani anayevuta breki ya mkono wakati wa baridi? Tangu jalidi ya kwanza mpaka ziwa lifunguke, gari linaachwa kwenye gia na breki haiguswi, maana unyevu huganda ndani na asubuhi gurudumu halizunguki. Baba aliyeendesha malori ya magogo maisha yake yote alitufundisha hilo kabla hatujafundishwa kufunga kamba za viatu. "Breki ya mkono ni ya watu wa Helsinki," alikuwa akisema. Kumbuka ulipopata leseni ukaivuta mwezi wa Januari kwa mazoea ya shule ya udereva, asubuhi ukaliburuta gari mpaka barabarani huku gurudumu moja limekufa, na Baba akakufanya uende shuleni kwa skii hadi theluji ikaisha. Na Mama, aliyekuwa dereva wa teksi ya shule, ndiye alikuwa mkali zaidi ya Baba. Basi fundi yeyote kutoka nchi ya joto angetazama breki ya mkono kabla hajashika nyundo. Sisi tunaojua kila kitu kuhusu baridi hatukuitazama, kwa sababu tulijua haiwezekani.

Utaniuliza ilikuwaje sikuiona, na nimeingia garini mara nyingi. Kati ya viti viwili vya mbele palikuwa na blanketi la Mama, lile la sufu la mistari ya kijani, limetandikwa vizuri kabisa. Sikuthubutu kuliondoa. Lilikuwa bado na harufu yake. Sasa nikaliinua. Mkono wa breki ulikuwa umesimama wima chini yake, umevutwa kupita pale unapotakiwa kuishia, nao umepinda kidogo kuelekea kiti cha abiria. Nilisimama nikiutazama. Mama alikuwa na baridi yabisi, vidole vyake havikuweza hata kufungua chupa ya jamu. Asingeweza kuuvuta hivyo. Na mtu akiuvuta kutoka kiti cha dereva, haupindi upande ule.

Ensio aliona nilichokiona. Alivua kofia, akasema ngoja akaangalie kahawa yake nyumbani, yeye ambaye tangu nimjue hunywa kahawa ya kwetu.

Baba alizunguka akafungua mlango wa abiria, akakaa. Nami nikakaa kwenye usukani. Aliweka kiganja chake juu ya mkono ule wa breki bila kuutafuta, kama mtu anavyoweka mkono juu ya kichwa cha mbwa wake, akanisimulia. Unajua anavyosimulia: neno, kimya, neno. Nakufupishia.

Alisema macho yake yaliharibika mapema kuliko tulivyojua. Alipoacha kuendesha, akasema amechoka na usukani, hakuwa amechoka. Mama akabaki dereva. Kisha Mama akazimia msituni akichuma beri, na daktari akamkataza. Wakakaa mezani jikoni wakatazamana, hakuna aliyebaki wa kuendesha. Wakakumbuka maneno yetu, mimi na wewe, kwenye meza ya Juhannus, ile sikukuu ya katikati ya kiangazi, vinywa vimejaa viazi vipya: siku wote wawili watakaposhindwa kuendesha, nyumba itauzwa na wao watahamia mjini. Ulilisema wewe, nikaliunga mkono mimi. Kwa hiyo hawakutuambia kitu. Wakafanya mpango wao. Mama ataendesha, polepole, hadi Kuhmo na kurudi tu. Baba atakaa kando yake, kiganja juu ya breki. Na kwa kuwa Baba hauoni uso wake, Mama ataongea. Ataongea bila kukoma. Maadamu anaongea, yupo. Akinyamaza, Baba avute.

Unakumbuka tulivyomcheka, Jouni? Mama yetu, aliyeweza kumaliza chakula cha mchana bila kusema zaidi ya "nisogezee siagi", ghafla akawa anaongea garini kama redio. Sasa tunapita sanduku la posta la akina Ensio. Sasa sungura amekatiza. Sasa naona daraja, limechakaa daraja hili, na kodi tunalipa. Wewe ulikaa nyuma siku ile tuliyotoka nao Kuhmo, ukamwambia, "Mama, pumzika basi, hata redio huweka wimbo." Yeye akaendelea tu. Na mkono wa Baba ulikuwa pale, mbele ya macho yetu wote, juu ya breki. Tuliuona. Mimi nilidhani anautafuta mkono wa Mama.

Siku ile ya baridi walirudi kama kawaida yao. Mama akaitaja kona, akautaja ule mti wa mbetula uliopigwa na radi, akaitaja njia yetu. Wakaanza kuteremka uani. Akasema, "Sasa naona taa ya sauna, umesahau tena kui…" na hapo akanyamaza. Baba alisema alingoja kwa muda wa pumzi moja, kwa sababu hakutaka kuamini. Kisha akavuta kwa nguvu zake zote. Gari likaserereka, likazima, likasimama hapo lilipo. Alimwita. Alipoona haitiki, akaanza yeye kumtajia njia, tangu darajani: sanduku la posta, kona, mbetula, taa ya sauna. Akairudia. Mtu ambaye hajawahi kusema sentensi mbili mfululizo. Halafu akaifunika breki kwa blanketi, akapanda ngazi kwa kupapasa, akapiga simu, na aliyeipokea akaambiwa kwamba mzee alikuwa ndani, ametoka sasa hivi, amemkuta mkewe.

Nilimwuliza kwa nini. Alinijibu kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. Alisema nusu ya watu wa kijiji hiki walikwenda shuleni wakiwa nyuma ya mgongo wa mkewe Hilkka. Hakuwahi hata kukwaruza taa ya gari. Wangejua kwamba mwisho wa maisha yake aliendesha huku amekatazwa, na kinga yake ni mkono wa kipofu, wangeanza kuhesabu kurudi nyuma, wajiulize na zamani alikuwa akifanya nini na watoto wao. "Heri waseme mimi ni mzembe," alisema. "Mimi sina jina la kuharibika."

Kwa hiyo ukumbini alikujibu ukweli mtupu. Alijua? Ndiyo. Alimwacha aendeshe? Ndiyo. Hukumwuliza alikuwa wapi. Ungemwuliza sijui angesema nini. Hukumwuliza.

Na usije ukaniandikia kwamba walikosea. Najua walikosea. Barabara ile ina watoto wa shule asubuhi na watu wa baiskeli wakati wa kiangazi, na laiti wangekuwa wazee wa mtu mwingine ningewaandikia makala ya kuwachana vipande. Lakini wewe hukumshtaki Baba kwa hilo. Ulimshtaki kwa kumwacha Mama afe peke yake. Hilo ndilo kosa pekee ambalo hakulitenda.

Nimalizie kazi ya diski, maana najua utataka kujua zilitoka vipi. Ndani ya diski za nyuma za gari hili mna viatu vidogo vya breki ya mkono, vinavyopanuka na kukamata kwa ndani. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vimeshika muda wote tuliokuwa tukilaumu kutu. Nilipoushusha mkono wa breki, waya wake ulikuwa umeshaganda kwenye ala, viatu havikurudi. Ensio alikuja tena kesho yake. Hakuuliza, nami sikumwambia. Aliukata waya, akaingiza bisibisi kwenye tundu dogo la diski, akazungusha gurudumu la kurekebishia, jino kwa jino, mpaka viatu vikalegea. Baba akaomba nyundo. Nikamshika kiganja nikakiweka juu ya diski ajue ilipo. Alipiga mara moja, wala si kwa nguvu. Ikaanguka kwenye kokoto.

Aliinama akaiokota, akapitisha vidole kwa ndani. Pote palikuwa pamekwaruza kwa kutu isipokuwa sehemu mbili, pale viatu vilipokuwa vimeshika. Hapo palikuwa laini, kama siku ile ile. Vidole vyake vilikaa hapo. Ensio, aliyekuwa amesema hiyo si kutu bali ni ndoa, aligeuka akatazama ziwa.

Tukaweka diski mpya na waya mpya. Gari likapita ukaguzi. Nikampeleka Baba Kuhmo kunywa kahawa, nami, kama ujuavyo, nikiendesha huwa sisemi. Hatujafika darajani nikamwona anatweta, jasho linamtoka, mkono wa kushoto umeng'ang'ania breki. Akasema, "Ongea, Virpi. Tafadhali ongea." Basi nikaongea. Mimi ninayekula kwa maneno niliishiwa maneno kabla ya mji, nikawa nasoma vibao vya barabarani kwa sauti.

Mvua za Oktoba zikamwangusha. Sasa nakaa karibu na kitanda chake na kumsomea magazeti, hata makala zangu mwenyewe, ambazo anasema ni ndefu. Lakini binadamu huchoka. Nikinyamaza kidogo tu, nikinywa maji, mkono wake wa kushoto huanza kupapasa shuka. Unatafuta, unakunja ngumi, unavuta. Manesi wanadhani ana maumivu. Mimi najua anasimamisha nini.

Sasa nikuambie jambo ambalo ningeweza kulificha. Siku ile garini Baba aliniapisha. Alisema nisimwambie mtu, na wewe zaidi ya wote. Niseme ilikuwa kutu tu. "Mwache Jouni anichukie mimi," alisema, "asije akamwonea aibu mama yake." Nilimwahidi, nikamshika mkono. Barua hii ndiyo kuvunjwa kwa ahadi hiyo, na ninaivunja nikiwa na akili zangu timamu, mzee mwenyewe bado anapumua. Sikuwahi kumfanyia Baba hivi. Nitamwambia mwenyewe, wewe ukiwa umesimama hapo, na kama ana nguvu za kunikasirikia nitafurahi. Siwezi kumwacha aondoke akiwa ameshika breki ya gari lililokwisha kusimama, huku mwanawe wa pekee wa kiume akiamini alikuwa ndani anaota moto.

Kijijini hakuna atakayejua. Ensio ameshajua na hatasema. Nawe hutasema. Hapo nitaitunza nusu ya ahadi.

Sasa nakudai, Jouni. Panda treni. Nitakupokea stesheni ya Kajaani kwa gari la Mama, na utakaa kiti cha mbele, kile cha Baba. Wodini utakaa upande wake wa kushoto, pale mkono unapopapasa, na utaweka wako hapo aushike. Huna haja ya kuomba msamaha kama hauwezi kutoka. Usimwulize maswali. Mtajie njia tu, tangu Turku: stesheni zipi mmepita, theluji ilianzia wapi, nani alikaa mbele yako na alikuwa anakula nini. Chochote, ila usinyamaze. Umemnyamazia tangu siku ya mazishi, mtu ambaye kwake kimya kina maana moja tu.

Ensio anakusalimu na anasema nywele zako atazirekebisha. Nimekuwekea mkate wa nafaka ya rai na samaki wa ziwani kwenye friza. Salamu zangu zote kwako na kwa watoto.

Saimi, wewe ni mkubwa, nakutaka uisome barua hii hadi hapa, kisha umsomee mdogo wako yale anayoweza kuyaelewa. Mkimwona baba yenu ameiacha mezani, anatazama dirishani bila kusema kitu, msimwache. Mvalisheni koti. Leteni na ninyi maneno ya kutosha, babu yenu anasikia vizuri.

Dada yako,
Virpi